Hindi la Kitabuni

Msimu wa vuli uliopita, nilipokuwa nikipanga upya vitu katika sanduku la zamani, nilikuta daftari langu la maandalio ya masomo la mwaka 1986. Jalada lake limeliwa na mende pembeni na wino umegeuka rangi ya chai, lakini mwandiko unasomeka. Nilikuwa mwalimu wa Sayansi Kimu katika shule moja ya sekondari ya wasichana, na daftari hilo nililitumia kwa miaka mingi bila kulibadilisha, kama mtu avaavyo koti moja kila sikukuu kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba limempwaya.

Katika ukurasa wa 23 kuna somo la kupika mahindi mabichi. Nimelisoma mara tatu. Watu wamezoea kufanya tahakiki ya riwaya na diwani za mashairi, na sijaona mtu akifanya tahakiki ya maelekezo ya mapishi. Lakini maelekezo nayo ni maandishi. Yana mwandishi, yana msomaji, yana madai, na yanaweza kusema kweli au uongo. Basi nimeamua kuufanyia tahakiki ukurasa huo. Mwandishi wake nikiwa mimi mwenyewe, hakuna atakayelalamika kwamba nimemwonea.

Somo lenyewe ni fupi. Linasema hivi: Chagua mahindi mazuri. Menya maganda yote na uondoe nyuzi. Tia katika maji yanayochemka. Usitie chumvi kwa sababu chumvi hukazanisha punje. Chemsha kwa dakika 10. Toa, chuja maji, paka siagi, andaa mezani yakiwa ya moto. Ni sentensi sita, kila moja safi, na kwa nje hakuna neno la kulaumiwa. Hata leo mwalimu akimpa mwanafunzi ayakariri, yatakaririka kwa nusu saa. Tatizo ni kwamba mtu akiyafuata akiwa Handeni, Korogwe, Iringa au Kitale, kwa mahindi ya shamba lake, atakula hindi gumu lisilo na ladha, kisha atajilaumu mwenyewe.

Jambo la kwanza la kuuliza juu ya maandishi yoyote ni: yanamzungumzia nani? Maelekezo yale niliyanakili kutoka katika vitabu vya upishi vya Kiingereza tulivyorithi katika kabati la shule. Waandishi wa vitabu hivyo hawakusema uongo. Walikuwa wakizungumzia hindi jingine. Kuna mahindi ambayo kwa asili ya mbegu yake hayageuzi sukari yote kuwa wanga, nayo huitwa mahindi matamu. Marekani yamelimwa kwa muda mrefu kwa ajili ya kuliwa mabichi. Mbegu mashuhuri ya Golden Bantam ilianza kuuzwa huko mwaka 1902, na katika miaka ya 1950 mtaalamu John Laughnan wa Chuo Kikuu cha Illinois alionyesha aina nyingine yenye sukari nyingi zaidi, ambayo ndiyo asili ya mengi ya mahindi matamu yanayouzwa sasa katika maduka makubwa. Hindi la namna hiyo punje zake ni laini na ngozi yake ni nyembamba. Kwake dakika 10 ni nyingi, dakika 5 zinatosha.

Mahindi yetu ni ya unga. Tumeyachagua sisi na wakulima waliotutangulia kwa sababu yanakauka vizuri, yanahifadhika, yanasagika na yanatoa ugali. Katumani, Staha, Kilima, na zile mbegu chotara zilizoanzia Kitale mwaka 1964, zote zilitafutwa kwa ajili ya ghala na kinu. Kwamba tunayala pia yakiwa mabichi ni zawadi ya wiki chache kabla hayajakomaa. Kumpikia mtu hindi la unga kwa maelekezo ya hindi la sukari ni sawa na kumpima ng'ombe joho la mbuzi.

Sisemi haya kwa kuona kwamba cha kwetu ni chema na cha kigeni ni kibaya. Mahindi yenyewe ni mgeni. Asili yake ni Meksiko, ambako watu waliyafuga kutoka katika jani la mwituni yapata miaka 9,000 iliyopita, na huku kwetu yalifika baada ya Wazungu kuanza kuvuka bahari ya Atlantiki mwaka 1492. Kiswahili kikayapa jina la Uhindi, nako siko yalikotoka. Mgeni huyu amekaa hadi amekuwa mwenyeji. Lawama yangu ni kwamba mwandishi wa ukurasa wa 23 alikuwa na hindi mkononi na kitabu mezani, akaamini kitabu.

Sasa niingie katika sentensi moja moja.

"Chagua mahindi mazuri." Hii ndiyo sentensi mbovu kuliko zote kwa sababu inaonekana kusema jambo na haisemi kitu. Mazuri ni yapi? Bibi yangu mzaa mama, aliyelima Handeni maisha yake yote na hakusoma hata darasa moja, asingeikubali. Yeye aliangalia ndevu kwanza. Ndevu zikiwa bado nyeupe au za kijani, aliliacha hindi lilale. Zikiwa zimegeuka kahawia na kunyauka huku shina lake likiwa na unyevu bado, alishika hindi akalibinya juu ya maganda kuona kama limejaa hadi nchani. Kisha alifungua ganda kidogo, akabonyeza punje moja kwa ukucha. Ikitoka maji meupe kama maziwa, hilo ni la kuchemsha au kuchoma siku ileile. Ikitoka maji matupu, limewahiwa. Ikitoka kitu kizito kama uji, linafaa bado, ila kwa moto wa muda mrefu. Ukucha usipoingia, alilifunga ganda akasema, "Hili liacheni, ni la kinu."

Siku hizi wataalamu wa kilimo wana majina ya hatua hizo na wanazihesabu kwa siku. Katika sehemu za joto hatua ya maziwa huja kama wiki 3 baada ya ndevu kutokeza, na katika nyanda za baridi huchelewa zaidi. Bibi hakuhesabu siku, lakini ukucha wake ulifika palepale. Mimi nilikuwa mjukuu wake, nimemwona akifanya hivyo mara zisizo na idadi, na bado niliposhika chaki niliandika "chagua mahindi mazuri". Hilo ndilo linalonisumbua. Kutojua si kosa. Mimi nilijua, nikaona kwamba ninachokijua hakina hadhi ya kuandikwa ubaoni.

Tena sentensi hiyo haitaji saa. Punje ikiwa mbichi ina sukari, na tangu hindi linapokatwa sukari hiyo inaendelea kugeuka wanga. Hata yale mahindi matamu ya zamani ya Marekani, kwenye joto la nyuzi 30, hupoteza karibu nusu ya sukari yake katika siku moja tu. Na nyuzi 30 ndiyo hali yetu ya kawaida mchana wa Tanga. Bibi alikuwa akiinjika chungu kabla ya kutuma watoto shambani. Tulidhani ni haraka za kizee. Kumbe alikuwa akishindana na jua, na akishinda. Anayenunua mahindi sokoni na kuyaacha jikoni hadi kesho yake asiyalaumu yakikosa utamu. Kama ni lazima yalale, yalale na maganda yake, mahali penye baridi.

"Menya maganda yote." Hapa kitabu kilijali usafi na sura ya mezani. Ninaelewa. Lakini ganda ni chombo cha kupikia ambacho mmea umejitengenezea wenyewe. Bibi alivua maganda ya nje yaliyo magumu na yenye vumbi, akafungua yale ya ndani bila kuyakata, akatoa ndevu, kisha akayarudisha yakafunika punje kama mtoto anavyofunikwa khanga. Yale maganda ya nje yaliyo safi aliyatandika chini ya chungu, akapanga mahindi juu yake, akatia maji yasiyozidi nusu ya kimo, akafunika kwa maganda mengine halafu mfuniko. Hapo mahindi ya chini yanachemka na ya juu yanaiva kwa mvuke. Chungu hakiungui, maji hayamwagiki nje, na harufu ya majani mabichi inaingia katika punje badala ya kuondoka na moshi. Mtu aliyezoea hindi lililovuliwa nguo zote na kuogelea katika sufuria ya maji, akionja la namna hii mara moja, hatauliza tena tofauti ni nini.

Muda wake je? Hindi la maziwa ni kama nusu saa tangu maji yachemke. Lililokaribia uji ni saa nzima, pengine na robo. Wako wanaotia kipande cha magadi ili kuharakisha. Ni kweli magadi hulainisha ngozi ya punje upesi, lakini huacha ladha ya sabuni na kulitia hindi rangi ya umanjano. Magadi yana mahali pake katika makande ya mahindi makavu, na hata huko yatiwe kwa mkono mwepesi.

"Usitie chumvi kwa sababu chumvi hukazanisha punje." Sentensi hii niliifundisha miaka 20 bila kuijaribu hata siku moja. Baada ya kukuta daftari, nilichukua mahindi 8 ya shamba moja yaliyokatwa asubuhi moja, nikayagawa katika sufuria mbili. Moja nilitia chumvi kijiko kimoja cha chakula, nyingine sikutia kitu. Nilipika kwa muda sawa, nikawapa wajukuu bila kuwaambia lipi ni lipi. Kwa ugumu, hakuna aliyeweza kuyatofautisha. Kwa utamu, sahani ya kwanza kuisha ilikuwa ile ya chumvi. Si utafiti wa chuo kikuu, lakini ni zaidi ya nilivyowahi kufanya nilipokuwa nikilipwa mshahara kufundisha jambo hilo. Kinachokazanisha punje ni ukomavu wake. Chumvi imesingiziwa.

"Paka siagi." Nacheka, na kicheko chenyewe ni cha aibu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 nchi yetu ilikuwa katika uhaba ambao waliouishi hawahitaji kukumbushwa. Tulipanga foleni ya sukari, sabuni na unga. Na unga wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, watu wakauita wa yanga. Mpaka leo wazee wengi ukiwapa hindi la njano wanasukuma sahani, hata likiwa tamu kama muwa, kwa sababu ulimi wao unakumbuka foleni. Sasa katika hali ile, mwalimu anamwambia binti wa Pangani apake siagi! Binti huyo alikuwa na minazi nyuma ya nyumba yao.

Lakini kwa nini siagi? Kitabu hakikueleza, nami sikuuliza. Punje ya hindi ni laini na inateleza, chumvi kavu haikai juu yake. Mafuta huishika chumvi na kuieneza. Tena ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta na si katika maji, ndiyo maana pilipili iliyotiwa kwenye maji matupu huuma mahali pamoja na kuacha mahali pengine. Basi kazi ya siagi ni hiyo. Na kazi hiyohiyo tui la nazi linaifanya, likiongeza na utamu wake. Ningejua sababu, ningejua pia kwamba siagi inaweza kupokewa na kingine. Asiyejua sababu hubaki na sheria, na mwenye sheria bila sababu huwa mkali sana kuilinda.

Kuna jambo jingine ambalo ukurasa wa 23 haukulisema kabisa. Hakuna mahali panapotajwa kuchoma. Katika nchi ambayo kila kituo cha basi kina mtu na jiko la mkaa na mahindi yaliyopangwa juu ya wavu, somo la kupika mahindi halikutaja kuchoma. Najua sababu, nilikuwepo. Hindi la kuchoma lilionekana chakula cha njiani, la mtu anayetafuna huku anatembea. Tulikuwa tukifundisha chakula cha mezani. Kumbe kwa ladha, mkaa una jambo ambalo sufuria haiwezi kulifanya. Maji yakichemka hayazidi nyuzi 100. Juu ya mkaa joto linapita hapo mbali, na sukari na protini za punje hukutana na kuzaa rangi ya kahawia na harufu zile zinazomfanya abiria ateremshe kioo. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza kukutana huko mwaka 1912, na muuza mahindi wa stendi anakujua kwa pua.

Kuchoma vizuri nyumbani si kazi ngumu, inataka utulivu tu. Mkaa uwe umeshika wote na moto wake wa ndimi umekwisha. Hindi limenywe, liwekwe juu ya wavu, ligeuzwe kila mara kidogo kidogo, wala lisiachwe upande mmoja liungue huku upande wa pili ni mbichi. Punje zikianza kupasuka moja moja na kupata madoa ya kahawia, limeiva. Hapo kata ndimu, chovya kipande chake katika chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, sugua hindi zima kuanzia kitakoni hadi nchani. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili. Mwenye kuogopa kwamba litakauka, alinyunyizie maji ya chumvi mara mbili wakati wa kuchoma. Na mwenye kulichoma ndani ya maganda yake ajue kwamba hapo analivukiza zaidi kuliko kulichoma. Ni tamu pia, ila ni kitu kingine.

Nimefika mahali ambapo nilikuwa nikipazungukia.

Mwaka 1987 tulikuwa na mtihani wa vitendo wa kumaliza mwaka. Wanafunzi walipewa saa moja na nusu kuandaa vyakula vitatu, na kimojawapo kilikuwa mahindi mabichi. Binti mmoja wa kidato cha tatu, mkimya, mwenye mikono ya haraka, alileta nazi yake mwenyewe kutoka kwao. Nilipopita kwenye meza yake mara ya kwanza nilikuta mahindi yamo sufuriani na maganda yake. Nikaandika alama katika karatasi yangu. Nilipopita mara ya pili alikuwa ameyatoa, ameyamenya, ameyakata vipande, na ameyarudisha katika tui jepesi lenye chumvi, manjano na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Mara ya tatu alikuwa akimimina tui zito la kwanza, lile ambalo wengine huliita kasimile, huku akikoroga upande mmoja na kupunguza moto ili tui lisikatike. Mwisho akakamua ndimu. Majirani wetu wenye asili ya Bara Hindi hupika chakula kinachofanana na hicho wakakiita makai paka, wengine wakiongeza karanga zilizosagwa. Yeye alisema kwao huitwa mahindi ya nazi, basi.

Vipande vile vilikuwa vimelainika bila kupasuka. Tui lilikuwa limeshika punje kama linavyotakiwa. Nilionja, maana sheria ilitaka nionje, na nakumbuka vizuri kwamba nilitaka kuonja tena. Kisha niliandika: "Hakufuata maelekezo. Muda umezidi. Hakutumia siagi." Nikampa alama 34 kwa 100.

Alama 34 si neno kubwa ukilitazama kwa mbali. Lakini mwaka uliofuata shule iliombwa kupendekeza wasichana kwa ajili ya mafunzo ya upishi, na nafasi zilikuwa mbili. Kazi ya kuandika majina ilikuwa yangu. Nilifungua kitabu cha alama, nikaona 34, nikaandika majina ya wengine. Sikufikiri hata dakika moja. Hao wawili walikuwa wasichana wazuri na sina kinyongo nao. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeweza kupika kama yule.

Haki inanitaka niseme na mazuri ya kitabu, kwa maana tahakiki isiyo na mizani ni matusi tu. Kitabu kilitufundisha kuosha mikono na vyombo kabla ya kugusa chakula, na katika miaka ya kipindupindu hilo liliokoa watu. Kilitufundisha kupima. Kilitukataza kuchemsha mahindi nusu siku mpaka punje zinafumuka na kuwa kama mapumba, kosa ambalo nyumba nyingi bado zinalifanya. Na bibi naye hakuwa mtakatifu wa jikoni. Hakuweza kumweleza mtu kwa nini anafanya anachofanya. Ukimwuliza alikujibu, "Ndivyo inavyopikwa." Binti asiyekaa naye jikoni asingejifunza lolote, na alipofariki mengi yalikwenda naye. Maandishi yanahitajika. Kwa hakika laiti ningeandika maneno yake katika ukurasa wa 23, yangekuwa salama hadi leo, na wasichana mamia wangeyabeba. Kitabu hakikunifunga mikono. Ukurasa ulikuwa mtupu na kalamu ilikuwa yangu.

Baada ya kusoma daftari nikaulizia, nikaambiwa yule binti, ambaye sasa ni mama mwenye wajukuu, ana mgahawa mdogo Pangani. Nikapanda basi. Nilifika kabla ya adhuhuri, nikakaa kwenye benchi la nje. Alitoka jikoni akipangusa mikono, akanitazama, akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," bila kusita, kana kwamba tuliachana juzi. Nikamwitikia. Nikauliza kama kuna mahindi ya nazi.

"Yapo, mwalimu, lakini hayajaiva. Utasubiri?"

Nikasema nitasubiri. Nilisubiri karibu saa nzima. Nilisikia mbuzi ikikuna nazi, nikasikia harufu ya maganda, kisha ya manjano, kisha ya tui. Sikuangalia saa. Aliponiletea sahani alikaa mbele yangu, nikala vipande viwili kabla sijaweza kusema. Ladha ilikuwa ileile ya mwaka 1987.

Nikamwambia, "Mwanangu, ile alama niliyokupa haikuwa ya haki. Chakula chako kilikuwa kizuri kuliko vyote siku ile. Nilijua, na niliandika vingine."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilijua, mwalimu. Niliona ulivyoonja. Ila mama hakujua. Nilimpelekea ripoti, akasomewa, akasema labda alinifundisha vibaya. Baada ya hapo hakupika tena mahindi ya nazi mbele yangu. Mpaka amefariki."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Nikamwomba radhi, akaipokea, akasema yamepita, akaniuliza kama niongezewe tui. Nilipotaka kulipa alikataa, nami nikaona kwamba kukataa kwake ni haki yake, sikushindana naye. Lakini aliyekosewa zaidi hakuwepo pale kupokea radhi, na hilo haliongezewi tui.

Nimewahi kudhani kwamba kosa la mapishi huishia mezani, kwamba hindi gumu likitemwa basi limekwisha. Sasa naona vingine. Kumwambia mtu kwamba chakula cha kwao kimekosewa ni kumwambia kwamba mama yake hakujua. Mwalimu hasemi maneno hayo, lakini alama yake inayasema, na inafika nyumbani kabla yake. Nani ajuaye ni akina mama wangapi waliacha kupika kitu kwa sababu ya kalamu yangu nyekundu?

Basi nimeliandika upya somo la ukurasa wa 23, chini ya lile la zamani, bila kulifuta lile, ili wajukuu zangu wayaone yote mawili. Linasema: Bonyeza punje kwa ukucha. Ikitoa maziwa, injika chungu kwanza ndipo ukate hindi. Acha maganda ya ndani. Tandika mengine chini. Tia chumvi ukipenda. Likae motoni mpaka liive, na kuiva kwake utakujua kwa kuonja punje moja ya katikati. Paka ulichonacho nyumbani: siagi, samli, tui, au ndimu na pilipili. Na kama mama yako hupika kwa njia nyingine, mwulize sababu, uiandike.

Msomaji wangu, kama una mzee nyumbani anayejua kupika kitu chochote, hata kiwe kidogo kama hindi la kuchemsha, usingoje sanduku lifunguliwe. Nenda ukae naye jikoni. Chukua daftari, na siku hiyo saa iache chumbani.